Twita za Kanisa la Gatwekera

Mwezi uliopita nilifunga kibanda changu cha Gatina, hapa Kawangware, nikawaachia nyinyi wanafunzi wangu funguo, meza, na harufu ya risasi ya kuchomea ambayo haitatoka hata mkipaka rangi upya. Mkaniambia niketi nipumzike. Nimejaribu. Nakaa kwenye kochi, punde nimesimama, nimefungua dirisha, namsikiliza jirani wa juu akicheza redio yenye spika iliyopasuka koni, ile karatasi ya mbele. Nimeshapanda ngazi kumwambia. Alinishukuru kwa adabu akafunga mlango. Basi, kwa kuwa mikono inaniwasha na jirani hataki msaada, nimeamua kuandika zile kazi mlizokuwa mkiniuliza tukinywa chai, hasa ile ya spika za sinema. Nani alilipwa ngapi sitagusa, maana nitaharibu siku yangu na yenu.

Nilianzia Kibera, sio Kawangware. Miaka ya tisini ilikuwa bado michanga. Nilikuwa nimetoka Busia kumfuata dada yangu, na nilikuwa nikitembeza sidiria za mitumba, kazi iliyonifaa kwa sababu sijawahi kuwa mtu wa kukaa mahali pamoja. Siku moja nikapita kwenye kibanda kando ya reli ambapo mzee mmoja alikuwa akimrudishia mwenye baa spika yake. Muziki ulikuwa unapiga. Nilisimama nikasema, bila kuulizwa na mtu, kwamba kuna kitu kinakwaruza humo ndani. Mwenye baa akacheka. Mzee hakucheka. Alizima, akashika koni kwa vidole vya mikono yote miwili, akaisukuma taratibu ndani na nje, akahisi koili, ule waya uliozungushwa nyuma yake, ikigusa sumaku. Akaifungua palepale. Alipomaliza aliniuliza jina. Nikamwambia Nekesa. Akasema nirudi kesho, na sidiria niziache nyumbani.

Huyo alikuwa Mzee Odera, mtu wa kando ya ziwa, mrefu, mwenye maneno machache na yote yakiwa amri. Alikuwa ametengeneza spika tangu zama za redio za valvu, na Kibera nzima ilimjua. Siku yangu ya kwanza sikupewa koleo wala bisibisi. Nilipewa utepe wa gundi na rundo la sumaku, nikaambiwa niuingize utepe kwenye ufa mwembamba ambamo koili hucheza, nitoe vumbi la chuma mpaka utepe utoke safi. Nilifanya hivyo kutwa. Nyinyi mnalipulizia kwa mdomo, nimewaona. Vumbi la chuma halisikii pumzi, na mteja atarudi akilalamika.

Umeme ulikuja ulipojisikia, kwa hivyo chuma cha kuchomea tulikipasha kwenye jiko la makaa. Ukikitoa mapema risasi haishiki, ukichelewa inajaa majivu. Spika tulizipima kwa betri ya tochi: gusa waya, koni ikitoka nje umepata chanya, ikiingia ndani umegeuza. Twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, hazikuguswa na betri hata kidogo, kwa sababu koili zake ni nyembamba na zinakufa haraka. Kila twita ilipewa kapasita yake ya kuizuia besi isiingie, na aliyeunga twita bila kapasita Mzee alimwita muuaji, mbele ya wateja.

Kitu kimoja hakikuwa kama kwa mafundi wengine. Kazi ikiisha, Mzee hakuwa akiinama kwenye spika kusikiliza. Alinisimamisha mimi mbele yake, yeye akasimama kando, akaniuliza nasikia nini. Nilipaswa kujibu kwa urefu: kama sauti imekauka, kama inavuma, kama herufi zinakatika vizuri. Huku nikijibu alinikazia macho usoni. Nilidhani ananifundisha, na nikajivunia, maana wanafunzi wa wenzake walikuwa wakitumwa sigara.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka sinema moja ya zamani mjini ilipofungwa na kuuza kila kitu, hata viti. Kanisa moja la Gatwekera, humo humo Kibera, likachukua spika zake mbili. Zililetwa kwa mkokoteni hadi njia ilipoisha, kisha wanaume wakazibeba mabegani hadi walipofika kati ya nyumba mbili za udongo ambapo hazikupita. Mama mmoja akakubali wang'oe mabati ya jiko lake, spika zikapita juu ya sufuria zake, mabati yakapigiliwa tena. Mzee Odera aliitwa aje kuziona. Alizizunguka akizipapasa kama mtu anayekagua ng'ombe, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu.

Kila moja ilikuwa kabati la mbao nzito lililonifikia kifuani. Besi ilikuwa imefichwa ndani, ikipumua kupitia koo la mbao lililopinda. Juu yake kulikuwa na honi ya chuma yenye mdomo mpana uliogawanywa vyumba vidogo vidogo, na nyuma ya honi kitu cha duara, kizito ajabu, ndicho kilichotoa sauti zote zilizo juu ya besi. Uzuri wa honi ni kwamba haina tamaa ya umeme. Amplifaya ndogo inayotumia jenereta inatosha kujaza kanisa. Ubaya wake ni kwamba zile zilitengenezwa zama ambazo filamu zenyewe hazikuwa na sauti nyembamba. Zilikuwa na kifua kipana na hazikuwa na ncha.

Aliyetuita alikuwa Mama Awuor, kiongozi wa kwaya, ambaye pia alikuwa msemaji wa jambo lolote lililohitaji kusemwa hapo kanisani. Alitueleza kwamba akina nyanya wanaokaa nyuma walisikia kuna mtu anasoma, lakini alichosoma walikuja kuambiwa nyumbani na wajukuu. Kulikuwa na ibada kubwa inakuja, wageni kutoka makanisa mengine, na wazee wa kanisa walikuwa tayari wameanza kunung'unika kwamba wamenunua makabati. Kuna mtu wa disko aliyekuwa akizivizia. Mzee Odera akamwambia asiwe na wasiwasi, kwamba ataweka twita juu ya honi, na neno litamfikia nyanya wa mwisho kabisa. Alilisema hilo mbele ya kwaya nzima. Jina lake likawa limewekwa juu ya meza.

Twita za karatasi zingezama, honi zingezimeza. Za kristali, zile nyepesi za bei ya chini, zina kelele kali isiyopendeza. Tulihitaji twita zenye honi zao wenyewe, ndogo, zenye sumaku nene. Mzee akanituma Kawangware kwa Kimani, kijana aliyekuwa akiuza vyuma na vifaa vilivyong'olewa kwenye mitambo ya zamani. Nilienda kwa miguu na ndiyo mara yangu ya kwanza kufika Gatina. Nyumba za ghorofa zilikuwa zinaanza kuota kati ya za mabati. Umeme ulitoka ukutani bila kuombwa. Kimani alinitafutia twita nne, na aliponiona nazipima sumaku kwa bisibisi akasimama kunitazama.

"Sista, kumbe wewe ndio fundi," akasema. "Huku hakuna msee wa spika, hata moja. Watu wanabeba mpaka Kibera ama wanatupa. Hiyo kibanda iko kando yangu iko wazi. Fikiria."

Nilifikiria njia nzima ya kurudi, na usiku sikulala. Kuanzia hapo mguu mmoja ulikuwa Kibera na mwingine Gatina. Nilianza kuona ubaya wa kila kitu: jiko linanichoma macho, reli inatikisa meza, Mzee haniachii kazi nimalize peke yangu. Nilijiambia nitaaga baada ya kazi ya kanisa. Kila asubuhi nilifika na maneno mdomoni, na kila jioni niliondoka nayo.

Tuliandaa twita mbili kwa kila spika. Twita ya honi ina sauti kubwa kuliko wenzake, kwa hivyo baada ya kapasita nilichomea rizista ya kauri, ile nyeupe ya kupunguza makali. Kabla ya kuzipeleka kanisani tukazijaribu hapo kibandani. Mzee aliniambia niseme kwenye maiki "sisi sote tusimame", maneno aliyoyatumia siku zote, kisha akatikisa kichwa.

"Bado," akasema. "Toa hiyo rizista."

Nilimwambia imetosha. Akasema bado. Niliweka ndogo zaidi, akasema bado. Mwishowe nikaitoa kabisa, na ile "sisi sote" ikanipita kwenye meno. Nilimwambia tena kwamba imezidi, akanijibu kwamba honi za sinema nimeziona juzi na yeye alizisikia kabla sijazaliwa. Hilo lilikuwa kweli, kwa hivyo nilinyamaza. Nilijiambia pia kwamba nje, kando ya reli, sauti inapotea hewani, na pengine ndani ya kanisa itakaa sawa.

Haikukaa sawa. Kanisa lile lilikuwa mabati kila upande, juu na kando, na mabati hayamezi kitu. Siku moja kabla ya ibada tulizifunga twita juu ya honi tukawasha jenereta. Kwaya ilikuwepo, na akina nyanya wachache walikuja kuona mambo. Mama Awuor alishika maiki akaanza kusoma zaburi. Kila "s" ilitoka kama mafuta yanayomwagiwa maji, ikagonga ukuta wa nyuma ikarudi. Mtoto mgongoni mwa mamake akaanza kulia. Niliwaona wanakwaya wakikunja nyuso, mmoja akijifanya anajikuna sikio ili alizibe. Hakuna aliyesema neno. Mtu mzima hakosolewi hadharani, na huyu alikuwa Mzee Odera.

Yeye alikuwa amesimama katikati ya kanisa, mikono nyuma, uso umetulia.

"Sasa ndio inaanza kukuja," akasema. "Ongeza kidogo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Yale maswali ya miaka yote, kunisimamisha mbele, kunikazia macho. Alikuwa akisoma uso wangu kwa sababu sauti zenyewe hazikumfikia. Nikisema pale kwamba zinachoma, Kibera yote ingejua kabla ya jioni kwamba fundi wa spika hasikii, na fundi wa spika asiyesikia hana kazi. Nikinyamaza, kesho wageni wangeziba masikio, spika zingeenda kwa mtu wa disko, na jina lake lingekwenda nazo. Mama Awuor alikuwa ameshusha maiki na kunitazama mimi, sio yeye. Niligusa waya nyuma ya spika nikasema kwa sauti kwamba kuna mahali pamelegea, tupumzike kidogo wakanywe chai. Kwaya ilitoka haraka kuliko nilivyowahi kuona kwaya ikitoka.

Tulibaki wawili. Nilijifanya natafuta bisibisi. Mzee alikuja akasimama karibu, na aliponitazama usoni nilishindwa kuuficha.

"Ziko zinalia?" akauliza.

"Ziko zinalia, Mzee. Sana."

Aliketi kwenye benchi la mbele. Alivua kofia, akaigeuza mkononi.

"Mimi siskii kitu huko juu," akasema. "Ilianza pole pole. Nilifikiria ni spika za siku hizi."

Niliketi kando yake. Yeye ndiye aliyeinuka kwanza. Akasema, "Fanya vile unaskia wewe, nyathina," akimaanisha mtoto wangu kwa lugha yake, neno ambalo hakuwa amewahi kuniita. Kisha akapiga magoti kando ya kabati, akaweka kiganja kwenye mbao huku besi ikinguruma, akapata ubao uliolegea ambao mimi sikuwa nimeusikia hata kidogo, na akaanza kuupigilia misumari.

Hii sehemu inayofuata isomeni vizuri, kwa sababu nimewaona mkikosea. Kwanza nilirudisha rizista zote. Pili, nilizima twita moja kwa kila spika, maana mbili zilikuwa zinapigana, na mtu akisogea hatua moja sauti inabadilika. Tatu ndilo kubwa. Twita zilikuwa zimekaa kwenye ukingo wa mbele wa honi, ilhali sauti ya honi inaanzia kule nyuma kwenye koo lake. Kwa hivyo "s" ilifika kabla ya neno lake. Nilizirudisha nyuma kidogo kidogo juu ya kabati, nikimwomba Mama Awuor, aliyekuwa amerudi peke yake, apige makofi mbele ya maiki, mpaka kofi likawa kofi moja na sio kofi lenye kivuli. Mwisho nilizielekeza chini, kwenye vichwa vya watu, sio kwenye mabati, na tukatundika mablanketi ukutani nyuma. Mama Awuor hakuuliza chochote. Aliniletea kikombe cha chai na kingine akampelekea Mzee, na nikajua kwamba ameelewa na kwamba halitatoka kinywani mwake.

Siku ya ibada nilisimama nyuma na akina nyanya, miguu haitulii. Msomaji alisoma, na pale ambapo watu huitikia, nyanya aliyekuwa kando yangu aliitikia pamoja na wengine, sio baada yao. Nililia, nasema ukweli. Mama Awuor akamshukuru Mzee Odera mbele ya wageni wote, watu wakapiga vigelegele. Alisimama kidogo akaketi. Hakunitazama.

Nilidhani siri ikishajulikana kati ya watu wawili inakuwa nyepesi. Ikawa nzito. Mzee hakunisimamisha tena mbele ya spika wala kuniuliza lolote. Alianza kuzipokea kazi za twita nikiwa nimetumwa mbali, na nikirudi nakuta mteja amekwenda na kitu kinachochoma masikio. Wengine walirudisha. Nilikuwa nawakimbilia njiani, nawaambia kwa upole waniachie niangalie tena waya. Nilichoka. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na huruma naye, na zote mbili zilinitembeza mtaani bila sababu. Siku nyingine nilijikuta nusu ya njia ya Kawangware bila kutumwa na mtu. Niliogopa kwamba nikiondoka nimemmaliza, na nikikaa tutachukiana.

Kisha Kimani akatuma neno kwamba kuna mtu wa chipsi anakitaka kile kibanda, na hawezi kunishikia zaidi. Nilimwambia Mzee asubuhi hiyohiyo, kwa haraka, kabla sijaogopa. Alikuwa anazungusha koili, waya mwembamba kuliko unywele, na hakusimamisha mkono. Nilingoja anitukane. Tukakaa hivyo, yeye akizungusha, mimi nikipanga misumari iliyokuwa imeshapangwa.

Ndipo akaingia mteja, mtu wa genge la mboga nisiyemjua, amebeba spika ya dukani. Akasema twita imekufa, fundi amsaidie. Nilinyoosha mkono niipokee. Mzee akaniwahi. Aliigeuza, akaigonga gonga, akamrudishia.

"Besi nitakufanyia mimi," akamwambia. "Twita peleka Kawangware, kwa huyu mama, kuanzia wiki ijayo. Mimi hiyo ya juu siskii tena."

Alilisema kama mtu anayetaja bei ya unga. Mteja akasema sawa, akauliza Kawangware upande gani. Hivyo tu. Jambo nililolibeba kwa miezi, mtu wa genge alilipokea akaenda zake, na Kibera haikuanguka. Mzee aliendelea na besi na makabati kwa miaka mingi baadaye, na mtu aliyekuwa na spika nzima tuligawana: chini ilibaki kwake, juu ikaja kwangu kwa mkokoteni.

Siku ya kuhama alinisindikiza. Nilimkatalia, akachukua begi la vyombo akatangulia. Tulitoka asubuhi mapema, tukavuka Ngong Road, tukafika penye miti mikubwa. Mimi nilikuwa natembea mbio kama kawaida yangu, kichwani nikipanga meza itakaa wapi, nikagundua natembea peke yangu. Niligeuka. Alikuwa amesimama chini ya mti, begi mkononi.

"Nekesa," akasema. "Zile ndege ndogo za asubuhi. Zilienda wapi?"

Zilikuwa juu yetu. Mti mzima ulikuwa unapiga kelele, mpaka nilikuwa nimeinua sauti kidogo ili anisikie.

"Ziko, Mzee. Ziko hapa juu."

Aliinua uso akatazama kwenye majani. Alitazama sana.

"Mimi nilifikiria zilihama," akasema. "Na vile nimegombeza watoto wa ploti juu ya manati zao, eti ni wao walizifukuza."

Niliweka chini mzigo wangu. Tulikaa pale mpaka jua likapanda, mimi nikimwonyesha kwa kidole kila ndege aliyefungua mdomo.